Wasifu wa Marehemu na Neno "Kufufuka"

Kazi ya fasihi inayosomwa kwa sauti mara nyingi kuliko nyingine zote mkoani Dodoma haina mhakiki. Haichapwi wala haiuzwi. Huandikwa usiku mmoja, mara nyingi na mjukuu mwenye mwandiko mzuri au shemeji aliyewahi kuwa mwalimu, kwenye karatasi mbili za daftari au siku hizi kwenye simu. Kesho yake husomwa mara moja tu chini ya turubai, kati ya wimbo wa kwaya na mahubiri, kisha hukunjwa na kutiwa mfukoni. Naizungumzia historia fupi ya marehemu, ambayo wengi tunaiita wasifu.

Nimeisikia Makole na Chang'ombe, Mvumi na Hombolo, Bahi na Kongwa. Nimeiandika pia, kwa sababu katika ukoo anayeandika makala huhesabiwa kuwa anaweza kuandika chochote. Naomba leo niihakiki kama ambavyo ningehakiki riwaya au diwani, yaani kwa kuiheshimu na kuidai. Dai langu ni moja. Wasifu huu husomwa mbele ya jeneza, na watu ambao kila Jumapili hukiri kwamba wafu watafufuka. Je, lugha yake inalijua jambo hilo?

Fani yake tunaijua kwa moyo. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, kijiji fulani, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee fulani. Alisoma hadi darasa fulani. Alibatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, na katika ndoa hiyo walijaliwa watoto kadhaa. Alikuwa mkulima, au karani, au mama wa nyumbani, na muumini aliyeshirikiana vizuri na jumuiya yake. Kisha akaanza kusumbuliwa na presha, au sukari, au miguu. Akapelekwa zahanati, halafu kituo cha afya, halafu hospitali ya mkoa, mpaka mauti yalipomkuta. Ameacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu. Mwisho hutajwa ule mstari wa Ayubu wa kutoa na kutwaa, na watu huitikia Amina.

Fani hii ina sifa ambazo waandishi wa vitabu wangezionea wivu. Ina majina ya watu na ya mahali. Haipambi sana. Mkurugenzi na mchunga ng'ombe hupewa karibu aya zilezile, na ubatizo huwekwa kando ya shule kama tukio la kawaida la maisha ya mtu. Anayeisikiliza hutoka akijua kwamba aliyelala ndani ya sanduku lile alikuwa mtu wa kwao, mwana wa watu, na hakuokotwa njiani.

Udhaifu wake uko kwenye vitenzi. Kuanzia ugonjwa unapotajwa, marehemu haandikiwi tena kitendo chochote cha kwake mwenyewe. Alisumbuliwa, alipelekwa, alilazwa. Anayetenda ni mauti peke yake: yalimkuta, yalimfika, yalimchukua. Baada ya hapo linabaki neno "ameacha", na orodha ya walioachwa. Hadithi inafungwa kwa hesabu ya vilivyobaki nyuma, na tumaini linaachiwa kwaya na mchungaji. Ndipo tunapata lugha mbili ambazo hazikutani katika ibada moja. Wasifu una mtu lakini hauna tumaini. Wimbo na mahubiri vina tumaini, lakini mtu mwenyewe hayumo. Ungeweza kubadilisha jeneza, na mahubiri yangebaki vilevile.

Nitoe mfano. Nilisikiliza wasifu wa bibi mmoja wa wilaya ya Kongwa. Uliandikwa kwa uangalifu, na katika aya ya ugonjwa ulisema kwamba kwa muda mrefu bibi alisumbuliwa na macho. Waliokuwepo walijua maana yake. Kongwa ni kati ya sehemu za dunia ambako ugonjwa wa vikope umechunguzwa kwa muda mrefu zaidi. Maambukizi hurudi mara nyingi tangu utotoni, ndani ya kope hujaa makovu, kope hukunjika kuelekea ndani na nywele zake zikawa zinaparuza jicho kila mtu anapopepesa. Wanawake huumia zaidi kwa kuwa ndio wanaokaa na watoto wadogo. Bibi yule aling'oa kope zake kwa kibano miaka na miaka, mpaka nuru ikaisha. Wajukuu wake wa mwisho aliwajua kwa kuwapapasa vichwa.

Baada ya wasifu kwaya iliimba kuhusu mji mzuri, na mhubiri akasema bibi sasa anatutazama kutoka juu. Nilingoja aseme neno moja kuhusu macho. Hakulisema. Ni kama vile macho yale yalikuwa jambo la wasifu, na mbingu ni jambo jingine ambalo macho hayahitajiki. Lakini imani inayosomwa katika makanisa yetu, ya Kianglikana, ya Kikatoliki na ya Kilutheri, haikiri tu kwamba roho itapaa. Inakiri ufufuo wa mwili. Mwili ule uliokuwa kwenye sanduku, wenye vidole vilivyojifunza kusoma vichwa vya watoto, ndio unaohusika. Tumaini lisilokuwa na la kusema juu ya macho ya bibi ni zuri kulisikia, lakini ni dogo kuliko lile ambalo kanisa lenyewe limeahidi.

Nadhani chanzo cha udogo huo ni tasfida. Hatusemi mtu amekufa. Tunasema amelala, ametangulia, ametutoka, ametwaliwa, amepumzika. Tasfida ni adabu, na mila zetu zina haki ya kumfunika aliyefiwa kwa maneno laini kama anavyofunikwa kwa kanga. Sitaki adabu hiyo iondoke. Lakini ikitumika peke yake, kuanzia tangazo la redioni hadi koleo la mwisho la udongo, inafanya kazi nyingine: inaficha jambo ambalo tumaini la Kikristo linadai kulishinda. Kama mama amelala tu, kuna ushindi gani wa kuutangaza? Aliyelala huamshwa na jogoo.

Neno "kulala" lina asili nzuri katika Agano Jipya, na kwa hiyo inafaa kuangalia linavyotumika huko. Katika sura ya 11 ya Injili ya Yohana, Yesu anawaambia wanafunzi wake kwamba rafiki yao Lazaro amelala. Wao wanaelewa usingizi wa kawaida, na wanafurahi kwamba mgonjwa anapata nafuu. Hapo Yesu anaiacha tasfida na kusema waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Kisha anakwenda Bethania, anazungumza na Martha juu ya ufufuo, anauliza wamemweka wapi, na analia. Mpangilio huo unastahili kusomwa kama mpangilio wa kisanaa. Neno laini linatangulia, linaeleweka vibaya, linasahihishwa kwa neno gumu, na anayelitamka neno gumu ni yuleyule atakayemtoa Lazaro kaburini. Anajua atakachokifanya baada ya dakika chache, na bado analia.

Nimewahi kusimama kwenye makaburi ya Maili Mbili wakati mama kijana akimzika mwanawe wa miezi minane. Alipoanza kulia kwa sauti, mama mmoja wa kanisa alimshika bega akamwambia, "Nyamaza mwanangu, ukilia hivyo utakuwa kama wasio na tumaini. Mtoto amelala." Alimwambia kwa upendo, na mkono wake haukutoka begani. Yule kijana akanyamaza. Niliangalia uso wake na sikuona faraja, niliona utii. Alikuwa amepewa ufufuo kama amri ya kunyamaza. Mtume Paulo, ambaye maneno ya onyo lile yanatoka kwake, aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wasio na tumaini, hakuwaambia wasihuzunike. Kati ya maagizo hayo mawili kuna nafasi ya kutosha mama kumlilia mwanawe mpaka machozi yaishe yenyewe.

Kiswahili chenyewe kinajua zaidi kuliko tunavyokitumia. Chukua kitenzi "kufufua". Tuna kauli ambayo walimu wa sarufi huiita kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, fukia na fukua. Mwisho ule wa "ua" unarudisha nyuma kilichofanywa. Sikio la Mswahili husikia katika "fufua" jambo la aina hiyohiyo, kutenduliwa kwa ufu, hali ya kuwa mfu. Wafu wamo ndani ya neno. Huwezi kulitamka bila kupita kwa maiti kwanza, kama vile huwezi kufungua mlango ambao haukufungwa. Ukisema amelala, ungetosha kusema ataamka. Neno "kufufuka" halina kazi mpaka mtu awe amekufa kweli.

Neno la pili ni "kiyama". Biblia ya Union, iliyokamilika mwaka 1952 na ambayo ndiyo bado iko kwenye mikoba ya wengi wanaokwenda ibadani Dodoma, hutumia "ufufuo" mahali pengine na "kiyama" mahali pengine. Katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 15, kwenye hoja kuu ya Paulo, neno ni kiyama. Limetoka kwa Waislamu wa pwani, na asili yake ya Kiarabu ni kusimama: siku ambayo wafu watasimama. Lakini katika mazungumzo yetu kiyama kimekuwa jina la maangamizi. Mafuriko ni kiyama, vita ni kiyama, foleni ya stendi siku moja kabla ya Krismasi ni kiyama. Muumini wa leo anaposomewa kwamba kuna watu wa Korintho waliodai hakuna kiyama, anaweza kujisemea moyoni kwamba hizo ni habari njema. Mhubiri anayeisoma sura hiyo kaburini bila kulieleza neno hilo amepoteza nusu ya wasikilizaji kabla hajafika kwenye tarumbeta.

Ushairi wa Kiswahili nao haujawahi kuogopa kaburi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, aliuambia moyo wake uangalie mabwana wa Pate waliokuwa na majumba ya fahari na sasa wako kwenye giza la kaburi, na majumba yao yamekuwa ya popo. Mtunzi yule alikuwa Mwislamu, na lengo lake lilikuwa kuuonya moyo kuhusu akhera. Nataja jina lake hapa kwa sababu alikuwa na ujasiri ambao wasifu wetu hauna: aliitazama miili ikioza, kisha ndipo akauliza habari za kesho.

Ujasiri huo ulipandishwa hadi kwenye uwanda wetu na mwana wa Ugogo. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 upande wa Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, akasoma kwa wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, na akafa mwaka 1969. Wengi wanamkumbuka kwa ngonjera, na wanahistoria kwa kitabu chake cha 1954 juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Wachache wanakumbuka kwamba alitunga pia Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Umbo alilolichagua lina maana. Utenzi ni umbo la pwani, la mizani nane na beti za vipande vinne, ambalo washairi Waislamu walilitumia kusimulia vita, visa vya manabii na kutawafu kwa Mtume. Ni umbo la mwendo wa miguu. Tukio hufuata tukio, ubeti kwa ubeti, na anayesimulia Injili kwa umbo hilo ana beti nyingi za kutembea kati ya Ijumaa na Jumapili. Mgogo Mkatoliki alichukua chombo hicho, akakitia habari ya msalaba na kaburi tupu, wala hakuona kwamba amevuka mpaka wowote.

Fikiria pia mwaka aliozaliwa. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ulipita katika njaa inayoitwa Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana, kisha homa kubwa ya mafua ikaja juu ya miili iliyokuwa imekonda. Makadirio yanayotajwa zaidi ni wafu 30,000 hivi. Makanisa ya nyanda hizi yalijengwa na watu waliokua miongoni mwa walionusurika. Waliposikia kwamba kuna mmoja aliyekufa akafufuka, hawakuhitaji kuelezwa kifo ni nini. Habari ile iliwakuta wakiwa wamezika, na wengine wakiwa wameshindwa hata kuzika.

Linganisha na tunachokiimba sasa. Wimbo unaosikika sana kwenye misiba ya Tanzania, kuanzia msafara wa gari la maiti hadi spika za kwenye turubai, ni "Kwetu Pazuri" wa kwaya ya Ambassadors of Christ kutoka Kigali. Ni wimbo mzuri, na sauti zile zinastahili kupendwa. Ila waimbaji wake ni Waadventista Wasabato, na kwa mafundisho yao aliyekufa hayuko mbinguni bado. Yuko kaburini akingoja kufufuliwa siku ya mwisho. Kwao uzuri wa huko kwetu unafikiwa kwa kupitia ufufuo. Sisi wa madhehebu mengine tumeuchukua wimbo huo na kuufanya tiketi ya safari ya leo leo: marehemu amefika, amepokelewa, mambo yamekwisha. Tumeuimba kwa kuruka sehemu ngumu ambayo watunzi wake wanaiamini. Mwaka 2011 kwaya hiyo ilipoteza waimbaji katika ajali ya barabarani humu nchini kwetu. Tangu nilipojua hilo, nikiusikia wimbo ule nasikia pia kwamba baadhi ya sauti ni za watu wanaongoja.

Picha ya kutufaa tunayo, na iko mashambani. Paulo, katika sura ileile ya 15, analinganisha mwili unaozikwa na mbegu inayopandwa. Wahubiri wengi huipita picha hiyo haraka, na badala yake wanatumia mifano ya maua na majira ya kuchipua, ambayo ni Pasaka ya Ulaya. Pasaka ya Dodoma huangukia mwishoni mwa msimu wetu mmoja wa mvua, Machi au Aprili, wakati uwele na mtama vimekwisha kuonyesha kama vitaleta kitu au la. Mbegu zenyewe ziliwekwa ardhini miezi mingi nyuma. Mkulima wa kwetu anayeberega hupanda kwenye vumbi kabla ya mvua, katika shamba ambalo halikutifuliwa. Anachukua nafaka ambayo watoto wangeweza kuila, anaifukia kwenye udongo wa moto, na kurudi nyumbani.

Mkulima huyo anajua mambo mawili ambayo mhubiri angeweza kujifunza. La kwanza ni kwamba mbegu haina uhakika wa kuota kwa nguvu zake. Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 tu za mvua kwa mwaka, na mvua ya kwanza huweza kudanganya: miche ikatoka, jua likaiua, mtu akapanda upya. Kwa hiyo picha ya Paulo, ikisomwa Dodoma, haithibitishi kwamba wafu watafufuka. Hakuna kitu katika udongo kinachothibitisha hilo. Inaonyesha tu jinsi mtu mwenye tumaini anavyofanya: anaweka ardhini kitu chenye thamani, na anayeleta mvua ni mwingine. La pili ni kwamba kinachoota hakifanani na kilichopandwa. Punje ya uwele unaweza kuipoteza kati ya vidole viwili, na bua lake humzidi mtu kwa urefu. Lakini punje ya uwele haitoi mtama. Kinachokuja ni kilekile, kikiwa katika umbo ambalo usingelikisia. Hivyo ndivyo Paulo anavyojaribu kusema juu ya mwili, na hivyo ndivyo wasifu ungeweza kusema juu ya mtu: ni yeye yuleyule atakayesimama.

Kuna msiba mmoja wa mkoa huu ambao unaipima fani hii mpaka mwisho wake. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima kati ya Msagali na Igandu ilirudi nyuma bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa, katika ajali mbaya kuliko zote za reli nchini. Miili ambayo ndugu hawakuweza kuitambua ilizikwa pamoja mjini Dodoma, Wakristo na Waislamu, katika ardhi moja. Kwao hakuna wasifu unaoweza kuandikwa. Hakuna mtoto wa tatu kati ya saba, hakuna kijiji, hakuna ameacha.

Nimelifikiria kaburi lile mara nyingi ninapoandika kuhusu lugha ya msiba, kwa sababu hapo maneno yetu yote laini yanaishiwa nguvu. Huwezi kusema wamelala. Huwezi kusema wamepumzika, kwa namna walivyokufa. Linalobaki ni neno lile gumu, kiyama, ambalo Waislamu na Wakristo wa nchi hii wanalo kwa pamoja: kwamba watasimama, na kwamba yuko anayezijua habari zao ambazo hazikusomwa na yeyote. Tumaini hilo haliifuti hasara yoyote. Ndugu waliozunguka wakitafuta shati wanalolijua hawakulipata. Lakini ni tumaini la ukubwa unaolingana na tukio, na linasema kitu kuhusu watu wale hasa, mmoja mmoja, hata kama sisi hatuwezi kuwataja.

Nimesikia wasifu mmoja tu ulioweza kufanya kazi hii. Ulikuwa Hombolo, na uliandikwa na binti wa marehemu, fundi cherehani. Ulipofika kwenye kifo haukusema mauti yalimkuta. Alisoma hivi, kwa kadiri ninavyokumbuka: Baba alikufa alfajiri. Hakuwa amelala. Alikuwa anahangaika kupumua na alikuwa anaogopa, akatuomba tusizime taa. Tulimshika mikono. Halafu, kabla ya orodha ya walioachwa, aliongeza kwamba wanamzika akiwa na kovu la mguu wa kushoto alilopigwa na dume la ng'ombe akiwa kijana, na kwamba siku ya ufufuo watamtambua kwa kovu hilo, kama Tomaso alivyomtambua Bwana wake.

Watu walikaa kimya. Kisha mzee mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Lilikuwa dume jekundu lile." Wengine wakacheka huku wanalia. Kwaya ilichelewa kidogo kuanza, na mhubiri aliposimama alilazimika kumtaja marehemu kwa jina, maana haikuwezekana tena kuhubiri kama kwamba sanduku lile lilikuwa la mtu yeyote. Sentensi tatu za fundi cherehani ziliunganisha zile lugha mbili. Alisema baba amekufa, akasema alivyokuwa, akasema atasimama. Kovu katika maneno yake lilikuwa na kazi ileile lililo nayo katika Injili ya Yohana: aliyefufuka ni yuleyule aliyeumizwa, na alama hazikufutwa.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Msiba si ukumbi wa uhakiki, na waliofiwa wana haki ya kusema lolote litakalowafikisha jioni. Nakubali. Lakini wasifu haundikwi na aliyefiwa zaidi. Huandikwa na sisi tuliosimama hatua moja pembeni, tunaokabidhiwa kalamu kwa sababu mikono yetu haitetemeki sana. Sisi tunaweza kudaiwa.

Kwa hiyo, kwa atakayeandika wasifu wiki hii, nina maombi matatu madogo. Andika "alikufa" angalau mara moja, ukitaka ongeza saa na nani alikuwepo. Taja kitu kimoja cha mwili wake ambacho watu wa nyumbani wangekitambua gizani: mguu, sauti, mkono, macho yaliyokuwa yamezimika. Na kabla hujaandika ameacha nani, andika sentensi moja unayoiamini kuhusu mwili huo na siku ya mwisho. Kama huiamini, usiiandike, waachie kwaya. Lakini kama unaiamini, usiiachie kwaya peke yao, kwa sababu wao hawakumjua marehemu kama unavyomjua wewe.